Saa ya Ukutani kwa Dresa wa Meno

— Shilingi arobaini hazinunui mbuzi wawili na blanketi juu yake! Sajini alipiga benchi kofi, kahawa ikamwagika. Tunanunua saa ya ukutani, basi!

— Saa? Gazeti akamrukia. Watoto wake watatafuna saa?

Ndivyo nilivyowakuta Ijumaa ile asubuhi, kwenye benchi letu nyuma ya soko la Arusha, pale ninaposhonea viatu. Sajini ni Sumari wa Makumira, aliyerudi kutoka vita vya Burma na kofia ambayo hajaivua mpaka leo. Gazeti ni Lomayani wa Kisongo. Kusoma hajui, ila hakuna habari inayompita. Karani ni Dismasi wa Lemara. Kazi yake bomani ni kufagia, lakini anafagia karibu sana na mafaili. Arobaini hizo tulizichanga kumpongeza Bibi Eunike, dresa wa meno wa zahanati, yaani msaidizi wa daktari. Mama huyu akisafisha kinywa cha mtoto, anaandika kwenye daftari mtoto huyo anakunywa maji ya wapi. Miaka sita anaandika. Ameona kwamba meno ya kahawia, haya ya watoto wetu, hayaletwi na uchafu; yanafuata chemchemi. Daktari wake mzungu alicheka. Mwalimu wa shule anaendelea kuchapa kila mwenye meno ya kahawia viboko viwili asubuhi, eti hapigi mswaki. Lakini wakubwa wa Dar es Salaam wamemjibu Bibi Eunike barua yake: leta maji tuyapime. Jumatatu alitupa sisi wanne kila mtu chupa yake safi, tumletee maji, kila mmoja ya chemchemi ya kwao.

— Na maji je? niliuliza, hata sijakaa.

— Maji yapo, mlima haujahama, alisema Sajini. Sasa hivi tuko kwenye zawadi.

— Zawadi bila risala ni bure, alisema Karani, akatoa karatasi mfukoni. Lazima tuandike tunampongeza kwa lipi.

— Andika alinisafisha mimi! Sajini alijipiga kifua. Alinikwangua saa nzima. Nilitoka na mdomo mwepesi mpaka mke wangu akaniamkia kama mgeni.

— Ulilia, wewe. Nilikuwa dirishani.

— Jicho lilitoka jasho, Gazeti. Usipotoshe watu.

— Haya. Lakini mimi najua siri ya kile kichuma chake cha kukwangulia, alisema Gazeti. Kinaona. Akikigusisha kwenye jino lako, anajua ulikunywa mto gani ukiwa na miaka minne, na nani alikutangulia kuteka.

Karani aliangalia nyuma, akashusha sauti.

— Basi jamani tumekwisha. Kodi ya kichwa mnalipa. Inayofuata ni kodi ya maji. Serikali itajuaje nani anakunywa wapi? Kwenye daftari la nani?

— Ala! Umeona wapi? aliuliza Gazeti.

— Nimefagia chini ya meza yenyewe. Kuna karatasi.

— Imeandikwa nini?

— Ilikuwa imelala kifudifudi.

— Nyinyi hamjui kitu, Sajini akawakata. Hili ni jambo la jeshi. Burma, usiku, askari akicheka tu, meno meupe yanang'aa, adui anapiga. Wenzenu walikufa kwa kucheka. Sasa Serikali inatafuta vijana wa meno ya kahawia. Hayo hayaonekani gizani! Kikosi kizima kinaweza kucheka mpaka alfajiri.

— Kwa hiyo Bibi Eunike anaandikisha askari?

— Kimyakimya.

— Na sisi tunampa mbuzi! Gazeti alishika kichwa.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Mimi sikusoma shule, nilijifunza herufi kwenye maboksi ya misumari, lakini upuuzi naujua.

— Sajini! Mjukuu wako kachapwa leo asubuhi. Nimemwona hapo njiani anasugua meno kwa mchanga, fizi zinatoka damu. Mama huyu anataka kuonyesha mtoto hana kosa, na wewe unamletea habari za Burma?

Sajini alizungusha kikombe chake, akakitazama ndani.

— Ndiyo maana nasema saa iwe kubwa, alisema.

Papo hapo Bibi Eunike mwenyewe alitokea upande wa zahanati, gauni jeupe, kikapu mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, Bibi Eunike! Sajini alisimama akapiga saluti. Karani alikunjua karatasi yake:

— Kwa niaba ya kamati, na kwa kuwa...

— Chupa ziko wapi? aliuliza Bibi Eunike.

Karani alikunja karatasi. Gazeti alimtazama Sajini. Sajini aliitazama kahawa.

— Yangu ina asali, alisema Gazeti mwishowe. Asali safi, lakini.

— Mafuta ya taa, alisema Sajini. Ilikuwa usiku, mama, taa imezimika.

— Yangu iko kwenye utaratibu, alisema Karani.

Yangu mimi ilikuwa hapo hapo miguuni pangu, imejaa rangi nyeusi ya viatu. Siku nne nilikuwa nachovya brashi humo. Niliisukuma chini ya benchi kwa kisigino. Akaiona.

— Bibi, alisema Sajini, tumekuchangia shilingi arobaini. Utapata saa ya ukutani, ile inayogonga.

Bibi Eunike aliweka kikapu chini. Alitoa chupa nne tupu, akazipanga benchini, moja mbele ya kila mtu. Yangu aliiweka juu ya kiatu nilichokuwa nashona.

— Lori la posta linaondoka saa tisa leo, alisema. Dar es Salaam wameandika kwamba chemchemi hizi nne zikikosekana, hawapimi hata zile nyingine nane nilizozifuata kwa miguu. Sasa hivi ni saa tatu. Zawadi yenu kaeni nayo. Nataka maji yangu, chupa nne, kabla ya saa tisa.