Kitu Yenye Iliua Papa Nshimiyimana

DANCILLE: Allô? Ni nani ule?

ÉDOUARD: Ni mi, dada. Édouard.

DANCILLE: Namba hii haiko yako.

ÉDOUARD: Ni simu ya santre ya afya. Nimepanda ku kilima, huku Pinga rezo ya simu haishuke chini. Muko aje huko Kibabi?

DANCILLE: Tuko tu. Papa tulimuzika jana saa tisa. Bantu ba kanisa balikuja bengi.

ÉDOUARD: Nilijaribu kufika. Pikipiki zilirudishwa njiani, siku mbili—

DANCILLE: Najua. Hakuna mwenye anakulaumu.

ÉDOUARD: Dada, nielezee namna alikufa. Polepole.

DANCILLE: Unauliza kama muganga wa santre ao kama mutoto wake?

ÉDOUARD: Yote mbili.

DANCILLE: Tulikuwa mu shamba ya maharagi. Asubui alisema kichwa inamuuma. Kiisha jembe ikamuponyoka. Akataka kuniita, jina yangu ikatoka vipande vipande. Mudomo ilikuwa imeenda pembeni.

ÉDOUARD: Upande moya tu?

DANCILLE: Moya. Tulimubeba ku kipoyi, kitanda ya miti, hata ku muto hatukufika, akakata roho. Na jana yake alikuwa amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa Mama Mukasine.

ÉDOUARD: Mama Mukasine, jirani?

DANCILLE: Njo huyo. Kikombe moya.

(mukwaruzo ku simu)

ÉDOUARD: Hao bantu ninasikia nyuma yako, ni banani?

DANCILLE: Vijana ba hapa, na kaka yetu Rukundo, tuko mbele ya mulango ya Mama Mukasine. Banasema alimupa sumu. Ahame leo, ao nyumba yake itawaka.

ÉDOUARD: Haiko sumu. Ni tansio. Presha ya damu ilipanda, mushipa ikapasuka mu kichwa.

DANCILLE: Unajua je? Uko Pinga.

ÉDOUARD: Mi njo ninaandikaka rejista ya vifo. Mwaka nilifika huku, tansio na ugonjwa ya sukari iliua bantu batatu. Mwaka huu, Noeli haiyafika bado, nilishaandika kumi na saba. Malaria inashuka kidogo, hii inapanda. Na kila nyumba nilienda kuuliza, walinitajia jina ya jirani mwenye banasema aliroga.

DANCILLE: Papa alikuwa analima.

ÉDOUARD: Njo vile iko. Muntu analima, hasikie kitu, halafu—

DANCILLE: Hakukuwa mugonjwa, Édouard.

ÉDOUARD: Wakati ya Pasaka nilikuja na mashini ya kupima tansio. Nilimupimia nyuma ya nyumba. Nilirudilia mara tatu, nilifikiri mashini imeharibika.

DANCILLE: Hukutuambia.

ÉDOUARD: Alikataza. «Utaogopesha dada yako bure.» Nikamupa dawa ya mwezi moya. Nikaahidi ingine.

DANCILLE: Na ile ingine?

ÉDOUARD: Barabara ilifungwa.

DANCILLE: Ilifunguliwa mu mwezi wa sita. Ulitutumia sabuni.

ÉDOUARD: ...Ndiyo.

DANCILLE: Shangazi Kayitesi, mwenye tulizika mwaka jana.

ÉDOUARD: Dada, tuache ile.

DANCILLE: Alikuwa anamaliza ndoo ya maji, na kiu haiishe. Akakonda, akabaki mifupa. Ile nayo unaiandikaka namna gani?

ÉDOUARD: Sikumupima.

DANCILLE: Sikukuuliza kama ulimupima.

ÉDOUARD: ...Sukari.

DANCILLE: Mama Emérita, jirani yake, alituapia ku Biblia kama hakumuloga. Mi njo nilitosha masufuria yake inje. Mvua ilikuwa inanyesha. Akashika njia ya Nyabiondo na mukeka ku kichwa, hatukumusikia tena.

ÉDOUARD: Hukujua.

DANCILLE: Na weye, ulijua lini?

ÉDOUARD: Siku uliniambia habari ya ile ndoo ya maji.

DANCILLE: Ile siku tulikuwa hatuyamufukuza bado.

(mukwaruzo)

DANCILLE: Uko pale?

ÉDOUARD: Niko. Inite ya simu inaisha, dada. Weka oparler, sauti itoke inje, bote basikie. Nitaeleza ile ya dawa pia.

DANCILLE: Batakuchukia.

ÉDOUARD: Weka.

DANCILLE: Ngoja... Pisheni. Mama Mukasine, toka, simama hapa pembeni yangu. Rukundo, kaka yako anataka kusema.

ÉDOUARD: Kaka Rukundo, ni Édouard. Mama Mukasine hana kosa. Papa alikuwa na tansio ya nguvu. Mi nilijua tangu Pasaka. Nilimuahidi dawa, sikutuma.

RUKUNDO: Ulijua.

ÉDOUARD: Ndiyo, kaka.

RUKUNDO: Miezi yote hiyo.

ÉDOUARD: Ndiyo.

RUKUNDO: Usikanyage hapa. Hata ku kaburi yake, usikanyage.

ÉDOUARD: Sawa, kaka. Lakini yule mama mumuache.

(sauti za watu, mbali)

ÉDOUARD: Dancille? Banafanya nini?

DANCILLE: Rukundo ameenda. Bengine banamufuata, moya moya. Mama Mukasine ameketi chini, nimemushika mukono.

ÉDOUARD: Aksanti, dada.

DANCILLE: Usinishukuru. Mi vilevile nilikuwa nimeshika jiwe.

ÉDOUARD: Inabaki sekunde tu. Nenda ku santre ya huko, wakupime. Unasikia? Hii kitu inapitaka mu familia—

DANCILLE: Nitaenda. Kwanza niambie, pikipiki za Nyabiondo zinapita leo?

ÉDOUARD: Unaenda kufanya nini Nyabiondo?

DANCILLE: Kuuliza kama kuna mwenye alimuona Mama Emé—