Waifai ya Barazani kwa Bi Saida

Tangu Rahaleo, Yusufu aliendesha bajaji huku masikio yake yako kiti cha nyuma, ambako Bi Saida alikuwa amembana fundi wake wa intaneti.

"Kasiani, nilitaka waifai iende kasi. Nani kakutuma uwafungie majirani?"

"Mama, nimeruhusu simu sita tu, za nyumbani kwako. Wale wa barazani wanaofuatilia bei za mnada wa korosho kwenye simu ndio walioilemea."

"Sasa nakunywa chai peke yangu kama niliyesusiwa."

"Nikiwafungulia, itakwama tena."

"Ikwame, baba! Ikikwama ndipo wanapopiga soga na mimi."

Kasiani aliguna. Yusufu, mmoja wa majirani hao, ambaye simu yake ilikuwa ya kwanza kufungiwa, alipunguza mwendo ili Bi Saida ashinde kabla ya kufika Chikongola.