Ufunguo wa Marzouq na Dirisha la Bi Ghaniya

Hapa Ibra, Oman, nyuma ya msikiti mdogo, kuna baraza ya saruji iliyoegemea ukuta wa nyumba ya udongo ya Bi Ghaniya, mjane wa marehemu Amur. Baada ya Laasiri kivuli hutufikia, na hapo ndipo sisi wazee wanne tunapoziharibu siku zetu. Juu ya vichwa vyetu kuna dirisha dogo la chuma. Kwa dirisha hilo, kila siku ya Mungu, Bi Ghaniya hutupitishia dele la kahawa na sahani ya tende, bila kuombwa. Yeye ni mtu wa hapa hapa, Bidbid penyewe, njia ya mji mkuu, hajapapita ila mara mbili, na sisi ni watu tuliorudi kutoka Afrika. Kwa hivyo mambo yetu ya siri huyasema kwa Kiswahili, chini ya dirisha lake, kwa sauti kamili. Mimi wananiita Klachi, maana nimefundisha watu kuendesha gari miaka kumi na tisa, na hilo ndilo lililonimaliza subira.

Siku ninayoisema ni mwezi wa saba, mwaka elfu mbili, joto la kuokea mkate juu ya boneti. Waisraeli na Wapalestina walikuwa wamefungiwa huko Marekani, msituni, wiki mbili nzima, wapatane. Redio ikasema wametoka mikono mitupu. Redio ni ya Mahrous, tunayemwita Safina, kwa sababu ukimuuliza saa ngapi ataanzia kwa Nabii Nuhu.

Wa kwanza kuwaka alikuwa Marzouq. Yeye tunamwita Ufunguo. Kiunoni hufunga ufunguo wa chuma, mrefu wa kiganja, wa nyumba ya baba yake Malindi, Unguja, iliyochukuliwa sitini na nne. Nasikia mlango wenyewe uling'olewa zamani ukauzwa. Ufunguo upo.

UFUNGUO: Wallahi, wiki mbili wanazungumza nini? Mtu ana ufunguo wa nyumba yake, mpe nyumba yake. Khalas!

Hapo akaingia Nasr. Huyu alikuwa karani wa mahakama Tabora, na azimio lolote la Umoja wa Mataifa analo kichwani kwa namba. Jina lake la baraza ni Azimio.

AZIMIO: Si rahisi hivyo, ya akhi. Kuna mia na themanini na moja, la arubaini na saba, la kuigawa nchi. Mayahudi wakakubali, Waarabu wakakataa. Kuna mia na tisini na nne, la wakimbizi kurudi. Kuna mia mbili arubaini na mbili...

UFUNGUO: Mbona unasoma namba kama za gari?

MIMI: Bora za gari. Likikugonga unajua wa kumshika.

SAFINA: Nyote mmechelewa kuanza. Arubaini na saba ni juzi! Anzeni kwa Nabii Daudi. Miaka elfu tatu nyuma alikuwa na ufalme pale. Wajukuu zake wanasema, Mrumi alitutoa, sasa tumerudi.

UFUNGUO: Baada ya miaka elfu mbili?

SAFINA: Haraka haraka haina baraka.

AZIMIO: Methali hiyo si ya mahali hapa.

SAFINA: Methali haina pasipoti.

UFUNGUO: Na wale waliokuwapo siku zote hizo, wanalima mizaituni yao? Babu juu ya babu wamezikwa pale pale. Nawaambieni, aliyekaa ndiye mwenyewe!

Naomba neno hilo mlishike. Mimi nililishika.

AZIMIO: Na Mwingereza naye, mwaka wa kumi na saba, akaandika barua akawaahidi Mayahudi pahala ambapo hata hajapatia mkono.

UFUNGUO: Kuahidi kisicho chako! Kama mimi nimuahidi mtu gari la Klachi.

MIMI: Gari la Klachi liache lilipo.

AZIMIO: Lakini tuseme yote. Mayahudi waliotoka Baghdad na Sanaa nao waliacha nyumba. Nao wana funguo. Na wale wa Ulaya, waliochomewa kule jamaa zao wote, waliobaki wangekwenda wapi?

Hilo halikumpendeza mtu. Tukanywa kahawa. Safina ndiye aliyetuokoa, kwa njia yake.

SAFINA: Kama mambo ni Daudi, basi tujihadhari sisi wenyewe. Falaji zetu hizi, mifereji inayotunywesha, tunaziita za nani? Za Daudi! Nabii Suleiman mwana wa Daudi alipita Oman juu ya upepo, akawaamrisha majini wachimbe falaji elfu kumi kwa siku kumi. Wazee wetu wote wanahadithia. Akija kesho mtu na nasaba ya Suleiman akadai maji ya Ibra, utamjibu nini?

AZIMIO: Suleiman hakushika sururu. Kisheria, dai ni la mchimbaji.

UFUNGUO: Majini?

AZIMIO: Majini. Wapewe zamu yao ya maji, na mwakilishi.

SAFINA: Tena majini walikuwapo duniani kabla ya Adamu! Kwa hivyo hata mji wa Baitul-Maqdis wanaougombania...

MIMI: Breki! Safina, breki!

Tukacheka mpaka Azimio akapaliwa. Kumbe Ufunguo hakuwa anacheka. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa karatasi mbili: moja ya zamani, njano, na moja mpya.

UFUNGUO: Wenzangu, na mimi nina jambo la mtu kurudi kwake. Jumamosi naingia kwa kadhi. Nyumba hii tunayoiegemea ni ya babu yangu Humaid. Alipokwenda Unguja alimwachia ndugu yake kwa amana. Hii hapa karatasi. Ndugu akakaa, mwanawe akakaa, mjukuu wake Amur akakaa. Amur nilimwonea haya. Sasa kafa. Nataka mashahidi wawili.

AZIMIO: Una nyumba ya ghorofa barabara kuu, Marzouq. Na kiyoyozi.

UFUNGUO: Sitaki ghorofa! Nimenyang'anywa kule, na huku nisipate? Miaka thelathini na sita nabeba chuma hiki, hakifungui hata kabati. Nataka mlango mmoja duniani, nitie ufunguo, ufunguke. Mmoja!

Akaushika ufunguo kiunoni. Mimi nilimwonea huruma, sisemi uongo.

AZIMIO: Na Bi Ghaniya, na wale wajukuu zake wawili anaokaa nao?

UFUNGUO: Watatafutiwa pahala.

AZIMIO: Si umesema aliyekaa ndiye mwenyewe?

UFUNGUO: Hiyo Palestina! Hapa Ibra. Hapa mwenye ufunguo ndiye mwenyewe.

AZIMIO: Ufunguo huo wa Malindi.

UFUNGUO: Ufunguo ni ufunguo!

SAFINA: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

UFUNGUO: Mimi sidai mwana, nadai nyumba.

Hapo ndipo niliposhikwa mimi. Babu yake Marzouq alikuwa jirani yetu Unguja. Nilimsikia kwa masikio yangu, mimi kijana mdogo, akisema: "Ibra nina nyumba, nimemwekesha ndugu yangu." Basi ushahidi ninao, na ni wa kweli. Marzouq akaniwekea kalamu mkononi.

AZIMIO: Ngoja, usitie sahihi. Ipo njia ya kati. Tuigawe.

Wallahi, mtu mzima yule akapanga kokwa za tende juu ya baraza, ikawa ramani ya nyumba.

AZIMIO: Jikoni na chumba cha kulala, vya Bi Ghaniya. Ghala na sebule, vya Marzouq. Mtende wa uani uwe chini ya uangalizi wa kimataifa.

UFUNGUO: Kimataifa nani?

AZIMIO: Klachi. Kazaliwa Unguja, kafundisha gari Bujumbura, pasipoti ya Oman.

SAFINA: Na choo?

AZIMIO: Choo kinaangukia kwa Marzouq. Bi Ghaniya atapita kwa kibali.

UFUNGUO: Alfajiri mpaka Magharibi tu. Na kwanza atambue haki yangu ya kuwapo.

SAFINA: Na wajukuu?

AZIMIO: Hilo gumu. Linaahirishwa mpaka mazungumzo ya mwisho.

SAFINA: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hakuna aliyejua kimeundwa nini. Nikaikunjua karatasi juu ya goti, nikaitafuta pahala pa sahihi.

Mlango ukafunguliwa. Nasema mlango, si dirisha. Miaka kumi na mbili kahawa imepita dirishani, na leo Bi Ghaniya katoka nayo mwenyewe, dele la pili mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, shela kaitengeneza vizuri. Akaja akakaa mwisho wa baraza yetu. Akamimina, akampa kila mtu. Kisha akazitazama zile kokwa za tende.

— Choo hakiko hapo, alisema. Choo nyuma ya ghala. Ramani yenu mmekosea.

Kwa Kiswahili. Safina alimeza kokwa.

Mimi mbio mbio nikawa nahesabu kichwani: miaka kumi na mbili, mangapi tumesema chini ya dirisha lile? Posa za watoto wetu. Kadhi na masikio yake makubwa. Wiki iliyopita tu nilisema kahawa ya mwanamke huyu siku hizi haina hiliki.

— Hiliki niliongeza, Klachi, alisema. Hukuona?

— Niliona, Bi Ghaniya. Ahsante.

Marzouq akamgeukia.

— Bi Ghaniya, wewe... Kiswahili umekijulia wapi?

— Kwa mama yako. Umesahau? Sabini na tatu mlikuja hapa na sanduku moja. Amur akasema, hawa ndugu zangu, wakae. Mkakaa miaka mitatu, humu humu. Mama yako hajui Kiarabu cha hapa, mimi sijui Kiswahili. Mmoja lazima ajifunze. Yeye alikuwa kazi yake kulia, basi nikajifunza mimi, na wewe kutwa uko kazini, hukutusikia.

Akamimina tena.

— Nyumba yenu ya Malindi ninaijua, chumba chumba. Alinihadithia huku tunakanda unga. Ngazi yenye kidato kilichovunjika. Mlimau wa uani. Nilimlilia nyumba ile kama yangu. Yaliyobaki nimesomeshwa na dirisha.

Ngeli zake zinagongana mara nyingine, lakini maneno, allahu akbar, anayajua kuliko Safina.

— Sikuja kugombana, akaendelea. Karatasi yako kweli, Marzouq. Amur mwenyewe aliniambia, babu alisema amana. Na mimi nimeingia nyumba hii bibi harusi wa miaka kumi na tano. Ukuta huu kila mwaka ninaukandika kwa mkono huu. Watoto wangu wanne nimewazaa chumba kile, mmoja nimemzika. Hiyo pia kweli. Mimi sina azimio. Nina suali moja tu.

— Uliza, mama, alisema Azimio, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Kila siku nakusikieni. Kila mtu mnampa pa kurudi. Mpalestina arudi kwake. Myahudi karudi kwake. Marzouq anarudi Malindi na anarudi Ibra. Hata majini mmewapa zamu. Mimi sijaondoka popote. Mkishanitoa hapa, mimi nirudi wapi?

Azimio akafungua mdomo, vidole vikaanza kuhesabu namba, vikasita. Safina aliinamisha kichwa, nadhani alikwenda mpaka kwa Nuhu, akarudi mtupu. Mimi kalamu ilikuwa inanichoma mkononi kama sigara.

Marzouq alikuwa kanyoosha kikombe, kwa mazoea tu. Na ada yetu mnaijua: mgeni asipokitikisa kikombe, mwenyeji anamimina. Bi Ghaniya akammiminia. Akanywa, akanyoosha tena, macho chini. Akammiminia tena. Mara ya nne dele likatoa matone matatu.

— Imekwisha, alisema.

Akavikusanya vikombe, akazikusanya na zile kokwa, chumba baada ya chumba, akazitia sahanini. Mlangoni akageuka.

— Mkipata jibu, semeni tu. Hapana haja ya kuniita. Ninasikia.

Tulikaa pale mpaka adhana ya Magharibi, wanaume wanne. Karatasi nikamrejeshea Marzouq bila sahihi. Msinisifu. Nilichokisikia kwa babu yake ni kweli, alichokisema Bi Ghaniya ni kweli, na mimi niko pale katikati, mguu juu ya klachi, gari haliendi mbele wala nyuma. Jumamosi Marzouq hakwenda kwa kadhi. Lakini karatasi hakuichana. Imo mfukoni, upande wa pili wa ufunguo.

Siku ya pili tulikuja kwa woga, kama watoto waliovunja kitu. Laasiri ikaswaliwa, kivuli kikafika, na dirisha likafunguka kama ada. Dele likapita, ikapita na sahani ya tende. Marzouq akanywa kikombe kimoja tu, akakitikisa, jambo ambalo katika umri wake wote sijamwona akilifanya.

— Jibu bado? ilisema sauti kutoka dirishani.

Tukatazamana. Azimio ndiye aliyejibu.

— Bado, Bi Ghaniya.

Na mpaka leo kila siku anauliza, na kila siku tunamjibu hivyo hivyo.