Boneti Sinyooshi

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

KAKA: Kaka yako, nani mwingine! Siku hizi hata shikamoo hakuna?

FUNDI: Shikamoo.

KAKA: Marahaba. Gari limekwisha? Kesho nina kikao cha wazee wa kanisa—

FUNDI: Sijaligusa.

KAKA: Hujaligusa! Boneti na taa tu, umekaa nalo wee—

FUNDI: Ulisema umegonga mbuzi.

KAKA: Ndiyo, mbuzi.

FUNDI: Siku hizi mbuzi wanavaa vitenge, kaka?

KAKA: Mtandao... sikupati—

FUNDI: Unanipata vizuri sana! Kipande kimenasa kwenye taa. Sare ya akina mama wa kanisani kwetu.

KAKA: Punguza sauti! Hapo gereji kuna watu?

FUNDI: Siko gereji. Niko hospitali, mlangoni mwa wodi aliyolazwa mfagizi wetu wa kanisa.

KAKA: Unafanya nini huko? Mdogo wangu, damu nzito kuliko—

FUNDI: Na yake iliyomwagika barabarani ilikuwa maji? Jana ulikuja hapa, mzee wa kanisa mzima, ukamshika mkono, ukaomba Mungu amfichue aliyemgonga. Kwa machozi! Mama wa watu akaitikia amina. Huna haya?

KAKA: Niliogopa! Nikisema, uzee wa kanisa wataniondoa, watoto wangu wata—

FUNDI: Acha watoto! Afadhali mlevi, hajifichi. Wewe Biblia kwapani, uongo mdomoni!

KAKA: Ninyooshee boneti tu, basi. Nitatubu kwa Mungu, kimyakimya—

FUNDI: Sinyooshi! Hukumgonga Mungu. Ulimgonga huyu mama!

KAKA: Usije ukamwambia—

FUNDI: Mimi? Utamwambia wewe. Amekuulizia toka asubuhi, anataka umwombee tena. (kwa mbali) Mama, mzee wako huyu hapa.

KAKA: Wewe! Usimpe— salio linaisha—

MAMA: Haloo, mzee! Hawajui kama mguu utasimama. Omba, baba. Nimeshafumba macho.

KAKA: Mama... Siwezi kuomba. Ni mimi niliyekugonga.

MAMA: Nani?

KAKA: Mimi. Nikakimbia.

MAMA: Na bado ukaja ukanishika mkono.

KAKA: Mama, nisamehe—

MAMA: Njoo. Njoo uyaseme hapa, wanangu wayasikie. Sitaki kwa si—

(Salio limekwisha.)