Kanisa Letu Lilivyokuwa Likiondoka kwa Vijiko

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wasomaji! Kwanza mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni polepole kama mtu anayevuka matope. Lakini hili siwezi kulinyamazia.

Mimi ni mtunzaji wa kanisa la zamani kijijini kwetu, si mbali na Kate, huku Ufipa. Mapadre wa kwanza walilijenga pamoja na babu zetu kwa matofali ya kuchoma. Matao yake ni makubwa, hata ukiimba peke yako unasikia kama mko wengi. Watu hutoka Sumbawanga, Mwimbi, hata ziwani, kuja kuhiji. Wengine huja kupiga picha tu. Sawa, karibuni wote! Lakini ndugu zangu, mbona mnaondoka na ukuta?

Sijui nani alianzisha maneno kwamba vumbi la tofali chini ya tao la kushoto, karibu na kaburi la padre mmoja, linatibu tumbo. Basi huyu anakuja na kijiko, yule na msumari. Wanakwangua, wanafunga kwenye khanga, wanasema amina. Shimo likawa la kumeza mkono mpaka kiwiko. Fundi wa ujenzi alilitazama akatikisa kichwa.

"Wakiendelea hivi," aliniambia, "tao litawashukia watu katikati ya misa."

Na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwazuia! Ndugu zangu, tangu utoto naogopa watu. Mbele ya mgeni ulimi unakauka. Tena kwetu Ufipa kijana hamkatazi mzee hivi hivi. Unachuchumaa, unapiga makofi ya salamu, unangoja aitikie, ndipo unasema shida yako. Mimi nilichuchumaa nyuma ya benchi, nikapiga makofi ambayo hata panya hasikii. Nikiinuka, mzee ameshakwangua, ameondoka. Niliweka kibao cha kukataza. Wakakitumia kukingia vumbi!

Nilimlilia Mungu, tena kwa hasira. Nikasema, "Bwana, kama hunipi ulimi, tafuta mtu mwingine. Nimechoka!"

Siku ya hija kanisa likajaa. Bibi mmoja wa ziwani akapiga magoti chini ya lile tao, wajukuu zake wamemzunguka. Akachimba kwa kijiko mpaka nikaona tofali la juu linacheza. Nikasogea. Midomo ikagoma. Akageuka.

"We, unanikodolea macho ya nini?" akasema. "Vijana wa siku hizi! Hata salamu hamna!"

Watu wakacheka. Ndugu zangu, hapo nguvu ilinishukia! Nikachuchumaa mbele yake nikapiga makofi mpaka matao yakaitikia. Shikamoo ikatoka nzima. Sasa, mzee akisalimiwa hivyo naye hujibu kwa makofi, na huwezi kupiga makofi umeshika kijiko. Akakitazama kijiko. Akanitazama. Akakiweka chini.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, akapiga makofi.

Bwana alinifungulia mlango pale pale. Nikasema, na sauti ilikuwa yangu, "Bibi, tofali hilo limebeba tao, na tao limebeba paa. Chini yake wamekaa wajukuu zako. Waondoe!"

Akatazama juu. Chokaa ikamdondokea begani. Akawavuta wale watoto kwa nguo zao.

"Yesu wangu! Mwaka jana nilikwangua hapa hapa, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Bibi. Kimoyomoyo."

Wakacheka tena, na safari hii nami nilicheka. Tukawatoa watu wote upande ule, fundi akaja na magogo akategemeza tao kabla halijashuka, kisha akaziba shimo kwa saruji. Hakuna aliyeumia. Mungu apewe sifa! Tangu siku hiyo nasimama mlangoni, nasalimia kila kundi, nasema neno langu mpaka mwisho.

Hata hivyo juzi mwingine ameniuliza kama saruji mpya nayo inatibu.

Ndugu yangu unayeogopa watu, mwombe Mungu, hata kwa hasira. Anasikia. Na ninyi mnaotunza makanisa ya zamani, niandikieni kupitia jarida hili, mniambie kwenu mnawazuiaje. Jibuni upesi, maana hija nyingine inakaribia, na vijiko vimejaa madukani.