Wasifu wa Chomoka

Benchi lipo Iyunga, Mbeya, mbele ya duka la vipuri la Sibtain, hatua ishirini kutoka barabara kuu ya malori yaendayo Tunduma. Hadi Jumanne iliyopita walilikalia watu wanne. Wa nne alikuwa Sosthenes, mkimbiaji wa mita mia, ambaye benchi lilimwita Chomoka. Homa ya mapafu imemchukua akiwa na miaka thelathini na minane, na maziko ni kesho saa nane. Familia imewaomba wenzake wa benchi waandike sehemu ya michezo katika wasifu utakaosomwa kanisani. Karatasi ilitakiwa ifike steshenari kabla ya saa kumi na mbili, ikachapwe. Saa kumi na moja na nusu bado walikuwa wamekwama kwenye mwaka 2011. Mwisho wa benchi alikaa Mwalimu Kalinga, mstaafu, na kahawa yake imepoa mkononi. Siku ile inayowakwamisha, kule Iringa, bastola ya kuanzishia mbio aliishika yeye. Kwenye benchi hakuna aliyeambiwa.

— Hebu soma ulipofika, alisema Sibtain kutoka kaunta.

Kalamu alikuwa nayo Philbert, muuza mitumba, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani.

— "Marehemu alizaliwa Ruaha Mbuyuni, akakulia kwenye mashamba ya vitunguu. Akiwa darasa la sita aliwashinda wa kidato cha nne. Mwaka 2007 aliajiriwa na klabu, akawa analipwa mshahara kwa miguu yake. Alikimbia Kampala, Nairobi na Lusaka. Muda wake bora ni sekunde kumi nukta tatu nane."

— Nukta nne moja, alisema Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Jina lake la ubatizo ni Alinanuswe, lakini hulitumia kanisani tu.

— Umeijulia wapi?

— Kaniambia mwenyewe.

— Basi alijipunja. Mimi nimeiona kwenye cheti.

— Haya, 2011, alisema Sibtain.

— "Mwaka 2011, kwenye mashindano ya kuchagua timu ya taifa, mjini Iringa, alitolewa kwa kuanza mapema. Mwisho wa mwaka klabu haikumwongezea mkataba." Nimeishia hapo.

— Sasa hiyo ndiyo utamsomea mtu mbele ya jeneza lake?

— Ndiyo iliyoandikwa, Breki. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Mtu wa mita mia unamwambia hivyo? Ulitaka aende polepole?

— Namaanisha alikurupuka.

— Hakukurupuka. Mstari wake ulikuwa umemwagiwa kitu. Chumvi ya mawe. Ukiikanyaga hutulii, miguu inaondoka yenyewe.

— Chumvi gani ya kumkimbiza mtu?

— Wewe ukikaa na mitumba utajua nini? Kuna mtu Mbalizi alikanyaga, akafika Songwe na ndala moja.

Sibtain alitoka na birika, akawaongeza kahawa.

— Ndaga, Breki alishukuru kwa Kinyakyusa, akipokea kwa mikono miwili. Sasa Profesa, wewe unasemaje? Maana kukosoa unaweza.

— Mimi nasema kisayansi. Iringa ni baridi. Sauti kwenye baridi inakwenda pole. Bastola imepigwa, Chomoka kaisikia kwanza kwa sababu alikuwa ukingoni, wengine bado sauti haijawafikia. Waamuzi nao haijawafikia. Kwa hiyo wakaona kaanza mapema, kumbe wao ndio wamechelewa kusikia.

— Kwa hiyo Iringa ukimwita mtu unamsubiri hadi kesho?

— Asubuhi ya Juni, ndiyo.

— Mwalimu, wewe umefundisha michezo kulekule. Ni kweli?

Kalinga alisema hajui habari za sauti.

Lakini alijua habari za sauti mbili. Uwanja ule upande mmoja umepakana na barabara, na Sosthenes alipangiwa mstari wa nane, jirani na uzio. Kalinga alikwishasema "tayari". Wakimbiaji wanane walikuwa wameinua viuno, na kidole kilikuwa hakijavuta. Hapo tairi la lori likapasuka barabarani. Sosthenes akatoka, wenzake wakamfuata nusu hatua nyuma. Kalinga akapiga bastola kuwarudisha. Watu jukwaani walisikia milio miwili, kama ilivyo siku zote mtu anapoanza mapema. Kanuni inasema kelele ya nje haina wa kuadhibiwa, wote wanarudi na kuanza upya. Aliijua kanuni hiyo; alikuwa akiifundisha. Lakini mgeni rasmi alikuwa ameshaangalia saa mara mbili, na mkono wa Kalinga uliinua kadi nyekundu kabla hajafikiri. Ukishaiinua mbele ya jukwaa, utaishushaje? Kwenye fomu aliandika maneno mawili: alianza mapema.

Miaka mitano baadaye alihamishiwa Mbeya. Jioni ya kwanza aliyopita hapa, Sosthenes, ambaye wakati huo alikuwa mbeba mizigo wa Sibtain, alisogea na kumwambia, "Kaa hapa, mwalimu." Kalinga alikaa. Alijiambia kijana hamkumbuki.

— Mimi nawaambia jina lake liliuzwa, Breki alikuwa akisema. Kuna nchi jirani waliinunua ile nafasi.

— Nchi gani inunue nafasi ya mtu wa Mbuyuni?

— Ungeuliza waliouza.

— Mchagua jembe si mkulima, alisema Profesa.

— Hapo jembe limeingiaje?

Mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi. Alivaa kanga ya msiba kiunoni, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari.

— Shikamooni.

— Marahaba, dada. Karibu.

— Naitwa Benedicta. Sosthenes ni kaka yangu. Nimeingia sasa hivi na basi kutoka Ruaha Mbuyuni. Nimetumwa hiyo karatasi.

Walisimama wote kumpa mkono, wakampa pole, wakampisha akae. Sibtain akamletea kahawa. Profesa akampa daftari, naye akalisoma kimya mpaka chini. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa mwisho.

— Hapa mmeandika alianza mapema.

— Ndivyo walivyoandika wao, dada, alisema Profesa. Sisi hatukuwepo.

— Kaka alisema mmoja wenu alikuwepo.

Breki aliweka kikombe chini.

— Nani, mimi? Mwaka huo nilikuwa Lubumbashi.

— Pasaka iliyopita aliniambia, aliyenitoa mbioni kule Iringa nakunywa naye kahawa kila jioni. Nikamuuliza, mbona humwambii? Akasema anamngoja aanze mwenyewe.

Aliwaangalia mmoja mmoja, si kwa ukali.

— Nauliza tu. Aliyeshika bastola ni nani?

Breki alimtazama Profesa, Profesa akamtazama Sibtain, Sibtain akatikisa kichwa. Lori lilipita likielekea Tunduma, nao wakangoja lipite, kisha wakaendelea kungoja. Chumvi haikutajwa tena, wala baridi. Kalinga aliangalia kahawa yake. Miaka tisa ya jioni. Kijana alikuwa akimjua tangu ile ya kwanza, na kila siku alisogea ili mwalimu apate pa kukaa.

Benedicta alifunga daftari.

— Basi. Steshenari wanafunga. Itasomwa hivyohivyo.

Alikuwa ameshavuka mtaro Kalinga aliposema:

— Dada, hiyo karatasi ina uongo.

Alirudi.

— Kaka yako hakuanza mapema. Lilikuwa tairi la lori. Mimi sikuwa nimepiga bado. Nilijua, na nikamtoa.

 Breki aligeuka, akamtazama.

— Mwalimu, alisema Sibtain taratibu, miaka yote hii sisi tunamwita Chomoka kwa kuanza mapema. Na wewe unacheka nasi.

— Nilikuwa nacheka.

Benedicta alisimama na daftari kifuani. Macho yake yalijaa, lakini sauti ilitoka sawa.

— Ulikuwa unangoja nini?

 Profesa alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

— Nikikuomba msamaha hapa, alisema Kalinga, nitakuwa nimeomba mbele ya watu wanne. Yeye nilimtoa mbele ya uwanja mzima.

— Kesho kanisani watakuwepo watu, alisema Benedicta.

Akamnyooshea daftari na kalamu.

— Andika wewe. Na kesho usome wewe.

Kalinga alilipokea. Breki alisogea kumwachia nafasi ya kiwiko. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa uleule wa ubaoni. Alikata mstari wa mwisho wa Profesa kwa wino, akaanza upya: "Mimi, Joachim Kalinga, mwaka 2011 ..." Hapo akasimama. Alisoma alichoandika, akaona si sawa jina lake kutangulia. Akalikata nalo, akashuka mstari, akaandika: "Sosthenes alinisubiri miaka tisa."