Risala ya Waombaji wa Leseni ya Intaneti kwa Mkurugenzi Aliyetufungia Mitambo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Leseni za Mawasiliano. Mwenyekiti wa mtaa, wazazi na majirani,

KARIBU KWETU

Tumefurahi kukuona. Kwa miaka mitatu tumekufuata ofisini kwako, na benchi la korido yako tunalijua hadi misumari. Leo wewe ndiye umeketi, nasi tunaomba uvumilivu wako. Tunajua ni kazi ngumu.

TULIKOTOKA

Sisi ni mafundi saba wa mtaa huu. Kampuni kubwa zilitwambia tuko bondeni na hatuna faida. Hatukulia. Tulijifunza wenyewe kusimika mlingoti, kuvuta nyaya na kutega antena, kisha tukaomba leseni ya kutoa huduma ya intaneti kihalali.

Fomu ilidai uthibitisho kwamba mitambo yetu inafanya kazi. Fomu hiyohiyo ilikataza kuiwasha kabla ya leseni. Tukamuuliza karani wako, "Sasa tuthibitisheje, kaka?"

"Wadogo zangu," akasema, "mimi napokea tu."

MAFANIKIO

Tuliiwasha. Tuliunganisha zahanati peke yake, bure. Mwezi mzima mkunga wetu alizungumza na daktari wa hospitali kuu, akimwonyesha mgonjwa kwa video, na haikukatika hata mara moja.

Kwa kuwa tulilelewa kusema kweli, tulikuandikia: "Majaribio yamefaulu." Mgeni rasmi, barua zetu kumi na moja za mwanzo hazikujibiwa. Hii ya kumi na mbili ilijibiwa kwa siku mbili! Jibu lilikuja ndani ya gari, pamoja na mkaguzi, utepe na lakiri ya kufungia mitambo. Uthibitisho mliotuomba ukageuka kidhibiti cha kutushtaki. Tunaipongeza ofisi yako kwa kasi hiyo, maana hata mitambo yetu haijaifikia.

CHANGAMOTO

Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu. Mkunga alimkuta zahanati akizungushia utepe kisanduku cha mitambo.

"Baba, ukishafunga hapo, daktari nimwite kwa filimbi?"

"Mama, mimi nimetumwa."

"Hata mimi nimetumwa. Aliyenituma yuko leba."

Mkaguzi akatoa simu, akainyanyua juu, akaigeuza huku na huku. Haikushika kitu.

"Vijana," akatuita kwa sauti ya chini, "kabla sijabandika lakiri, naweza kutuma ripoti kwa mtandao wenu?"

Tulimpa nywila. Mgeni hanyimwi.

"Imefika?" tukamuuliza.

"Papo hapo! Hongereni, jamani." Akabandika lakiri.

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, ripoti uliyonayo mezani, inayosema hatuna uwezo wa kutoa huduma, ilikufikia kwa huduma yetu.

Tangu siku hiyo mkunga hupanda ngazi hadi juu ya tangi la maji kutafuta mawimbi ya simu, akimwacha mgonjwa peke yake kitandani. Ana mama mmoja ambaye mtoto wake amekaa vibaya tumboni. Siku zake ni wiki hii. Na Ijumaa saa nne gari lako linakuja kuchukua mitambo ikateketezwe.

Mmoja wetu hutunga kidogo. Hakwenda shule ya ushairi, lakini hata leseni ya kutunga hakuomba:

*Tumepiga hodi sana, vidole vimechubuka,*
*Mafaili yabanana, kabati limefurika,*
*Leo twajibiwa, "Jana, muda wenu ulifika,"*
*Mgeni wetu, twanena: "Karibu" lini yatoka?*

MAOMBI

Hatuombi kompyuta, fulana wala picha ya pamoja. Tunaomba lakiri ibanduliwe kabla ya Ijumaa, na leseni itolewe au ikataliwe kwa sababu iliyoandikwa.

Tunajua desturi: risala ikisomwa, mgeni huipokea kwa mikono miwili, humpa msaidizi wake, naye huiweka kwenye faili. Tunakusihi, hii usimpe. Chini ya ukurasa tumeacha nafasi ya saini yako ya kuruhusu lakiri ibanduliwe, na mkunga amesimama mlangoni mwa zahanati, hatua arobaini kutoka hapo ulipo. Hawezi kuja kukusalimu. Yule mama ameanza uchungu asubuhi hii.

Mungu akupe afya, aiongoze kalamu yako, na amfikishe salama mtoto anayekuja.

Ni sisi, watuhumiwa wako watiifu,
Kikundi cha Mafundi Mlingoti